Mkiiandika Congo, muuandike na mto wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii itakuwa ndefu kuliko mnazozoea ila naomba msiikate sana maana ni jambo linaloniuma muda mrefu. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, magazeti yetu yameiandika Congo karibu kila siku, na ramani inayowekwa ni ileile, koltani huku, dhahabu kule, kobalti kusini, halafu mishale ya nani kasonga wapi, na mto wenyewe ama haupo kabisa ama umechorwa kamstari ka bluu hakana hata jina. Hivi inawezekanaje, mto wa kilomita kama 4,700, wa pili duniani kwa wingi wa maji ukitoa Amazon, unakata ikweta mara mbili, nchi mbili zinaitwa kwa jina lake, halafu tunaielezea vita ya Congo mwaka mzima bila kuutaja? Madini yanaeleza kwanini watu wanaitamani ile nchi. Lakini kwanini ile nchi ipo kama ilivyo, na kwanini ikipasuka inapasukia palepale, hilo liko kwenye mto.

Watu wengi wakisikia mto mkubwa wanafikiri meli inaingia kutoka baharini inapandisha tu mpaka mwisho. Congo haiko hivyo. Ule mto uko kama muwa, pingili ndefu zinazopitika halafu fundo, pingili halafu fundo. Kutoka Atlantiki meli kubwa inafika Matadi basi, juu yake kuna maporomoko mfululizo kilomita kama 350, hakuna chombo kinapita hapo. Ukifika Kinshasa mto unatanuka unakuwa kama ziwa, Pool Malebo wanaita, na kuanzia hapo mpaka Kisangani ni kilomita 1,700 na zaidi za maji yanayopitika bila poromoko hata moja. Juu ya Kisangani ndo maporomoko saba ya Boyoma, kuna reli ya kilomita 125 inayazunguka mpaka Ubundu, toka Ubundu unapanda boti tena kilomita kama 300 mpaka Kindu, toka Kindu reli tena kwenda Kongolo na Kabalo, na pale Kabalo kuna tawi la reli linakuja mpaka Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Ukivuka ziwa uko Kigoma. Yaani ile njia inaishia mlangoni kwetu, ilijengwa hivyo makusudi, reli ya Dar ilifika Kigoma 1914, ya Kalemie ikafuata 1915, na baada ya vita ya kwanza Wabelgiji wakapewa maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam yaliyokuja kuitwa Belbase.

Sasa kwenye kila fundo mzigo lazima ushushwe, uwekwe ghalani, uhesabiwe, ulipiwe, upakiwe upya. Mtu akishika fundo moja ameshika pingili mbili, ya juu na ya chini, na hahitaji kuteka nchi nzima. Ukishalijua hilo historia ya Congo inaanza kusomeka.

Angalia Agosti 1998. Waasi wakiwa na jeshi la Rwanda walipakia askari kwenye ndege Goma, mashariki kabisa, wakaruka nchi nzima wakatua Kitona karibu na mdomo wa mto kule Atlantiki. Mbona hawakutua kwenye almasi za Mbuji-Mayi? Kwa sababu fundo la chini ndo shingo ya Kinshasa. Wakachukua bandari ya Matadi na bwawa la Inga, mji mkuu ukakaa gizani, chakula kikakatika, na kama Angola isingeingia serikali ya Laurent Kabila ingekwisha mwezi uleule. Waliposhindwa huko vita ikaganda, na mkiangalia ilipoganda ni kwenye mto tena, Mbandaka ikabaki ya serikali, ukipandisha Lisala na Bumba zikawa za kundi la waasi la MLC la Jean-Pierre Bemba ikiungwa mkono na Uganda, ukipandisha zaidi Kisangani ikawa ya waasi wengine, RCD, wakiungwa mkono na Rwanda. Safari moja ya boti, serikali tatu. Na mwenye tishari hawezi kulipa ushuru kwa majeshi matatu yanayopigana, kwa hiyo boti zikasimama, mkataba wa Lusaka ukasainiwa Julai 1999 lakini boti ziliendelea kusimama, na Kisangani mji wa kando ya mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa maji ukawa unaletewa chumvi na mafuta kwa ndege au mgongoni mwa baiskeli.

Halafu Juni 2000, tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyokuwa washirika yakapigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji huohuo wa Kisangani, siku sita, mabomu zaidi ya 6,000 yakaangukia mitaa ya watu ambao ile ugomvi haikuwahusu hata kidogo. Watu huwa wanasema waligombea almasi, na kweli almasi zilikuwepo, ila almasi za bonde lile zinapita Kisangani kwa sababu Kisangani ndo fundo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaikuta Uganda na hatia ya uvamizi 2005 na mwaka 2022 ikaamua ilipe dola milioni 325. Rwanda haikufika pale kwa sababu haikuikubali mamlaka ya ile mahakama. Vita yote ya 1998 mpaka 2003 iliua watu wengi mno na wengi wao hawakuguswa na risasi, walikufa na malaria, kuhara, surua, utapiamlo, vitu ambavyo dawa yake ipo, dawa inasafiri kwa boti na boti haipo.

Naomba nirudi nyuma kidogo kwa sababu kuna wenzetu wanapenda kuamini ubaya wote kule uliletwa na Wazungu, na kuna Wazungu wanapenda kuamini kabla yao hapakuwa na kitu. Wote wanakosea. Pale Pool Malebo kabla ya Kinshasa kuwepo kulikuwa na masoko ya Wateke, wao ndo walishika fundo, na toka juu walikuwa wanashuka Wabobangi kwa mitumbwi mikubwa ya makasia mengi wameleta pembe za ndovu, samaki wa kukausha, mihogo, unga mwekundu wa kujipaka na, tuseme ukweli, watu wa kuuzwa. Mzigo unabadilishwa pale, unashuka kwa miguu mpaka pwani kwenye meli. Mbobangi hakuruhusiwa kupita chini, wa chini hakuruhusiwa kupita juu, na machifu wa Kiteke wakatajirika katikati. Lile ni dola, hata kama halikuwa na bendera. Lingala yenyewe mama yake ni lugha ya wale wafanyabiashara wa mtoni.

Na kusini ya mdomo wa mto kulikuwa na ufalme wa Kongo, Mbanza Kongo mji mkuu, ambao Diogo Cão Mreno aliukuta akiwa ameingia mdomo wa mto 1482 hivi. Mfalme Afonso wa Kwanza mwaka 1526 alimwandikia barua mfalme wa Ureno akimlalamikia kwamba wafanyabiashara wanawabeba watu wake, mpaka watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe. Barua haikusaidia. Mwaka 1665 jeshi la Kongo likapigwa na Wareno Mbwila, mfalme António akauawa, na baada ya hapo koo za kifalme zikapigana miaka zaidi ya arobaini kugombea kiti, na hapa nataka wasomaji wasimame kidogo, kila upande ukishinda unauza mateka kwa meli zilizokuwa zinasubiri pwani, kwa hiyo vita yenyewe ikawa inajilipia. Binti mmoja Beatriz Kimpa Vita alisimama akasema mji mkuu ulioachwa ufufuliwe na koo zipatane, watu wakamfuata maelfu, wakamchoma moto 1706. Akili ya vita inayojilipia haikuanza na koltani, Mhariri. Ina miaka zaidi ya mia tatu kwenye bonde lilelile.

Na sisi wa upande huu tumo. Nyangwe iko kwenye ukingo wa Lualaba, ambao ndo mto Congo wenyewe huko juu, na waliyoifanya kituo ni watu wa pwani yetu waliotoka Unguja, Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Livingstone alikuwepo pale 1871 akihangaika kupata mitumbwi avuke maana aliudhani ule mto ni Nile, na ameacha maelezo ya soko la pale lilivyokuwa, watu kama 1,500 siku ya soko, wengi wanawake, wanavuka toka ng'ambo na vikapu vya samaki na vyungu na kuku na mihogo, wanabishana bei wanacheka. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki wa kambi ya wafanyabiashara walianza kufyatua katikati ya soko, wanawake wakakimbilia mitumbwini, mitumbwi imejazana kwenye kahori kadogo haitoki, wakaruka majini, na mkondo ukawachukua, vichwa vinaonekana kwenye mstari mrefu vinaelea kuelekea kisiwa cha mbali halafu kimoja kimoja vinapotea. Wenye kambi wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400. Mi nadhani tukio hili lingefundishwa shuleni kwetu kama linavyofundishwa soko la watumwa la Zanzibar, kwa sababu ile biashara ya Zanzibar mizizi yake ilikunywa maji ya Lualaba.

Baadaye Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, akaijenga Kasongo, mashamba ya mpunga, nyumba, njia za misafara, na kweli Kiswahili kinachozungumzwa Maniema leo kinatokana na hapo kwa sehemu kubwa. Stanley alipomkuta 1876 alimwahidi dola 5,000 amsindikize chini ya mto, wakaachana njiani, Stanley akaendelea akayapita maporomoko yote akatokea Boma Agosti 1877, na hapo ndo Ulaya ikajua pingili zote zinavyoungana. Miaka kumi baadaye, 1887, Leopold wa Ubelgiji akamfanya huyohuyo Tippu Tip gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani. Kwanini? Kwa sababu ndo alikuwa ameshika fundo, na Leopold hakuwa na nguvu ya kumtoa. Alipoipata nguvu hakungoja, 1892 mpaka 1894 jeshi lake lenye askari Waafrika wengi likapigana na Waungwana, yaani hao watu wa pwani na wafuasi wao, Machi 1893 wakavuka Lualaba kwa mitumbwi wakaingia Nyangwe, Aprili wakachukua Kasongo, Sefu mtoto wa Tippu Tip akauawa mwaka huohuo. Pale ndipo mto wote kwa mara ya kwanza ukawa wa mwenyewe mmoja.

Nchi ya Congo mipaka yake ndo hiyo, ni bonde la mto alilojichukulia mtu mmoja. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulisema usafiri kwenye Congo utakuwa huru kwa mataifa yote, maandishi mazuri, lakini mwenye njia ya kupandisha boti juu ya maporomoko alikuwa Leopold peke yake. Boti za kwanza zilibebwa vipande vipande vichwani mwa watu kutoka Matadi mpaka Pool. Halafu wakajenga reli ya kilomita 366, 1890 mpaka 1898, vibarua wametolewa Afrika Magharibi, Zanzibar, mpaka China, na kwa takwimu zao wenyewe walikufa Waafrika na watu wengine wasio Wazungu kama 1,800. Reli ilipoisha mpira ukaanza kumwagika. Boti zilipandisha na bunduki na risasi zikashuka na mpira, na mtu aliyeligundua hilo, E. D. Morel, alikuwa karani wa kampuni ya meli tu, aliangalia mizigo bandarini Antwerp akaona huku inaingia mali ya mamilioni huku kinachorudi ni silaha, akauliza sasa hawa watu wanalipwa nini. Swali la karani likasaidia kumvua mfalme koloni lake 1908. Na upande wa pili wa Pool, Brazza alishasaini na mfalme wa Wateke 1880 kwa niaba ya Ufaransa, ndo maana leo miji mikuu miwili inaangaliana kilomita chache tu juu ya maji, nchi mbili, jina moja, na Wateke wamegawanywa katikati.

Kuna kitu kimoja cha 1960 sitaacha kukisema. Patrice Lumumba alitoroka Léopoldville, Kinshasa ya leo, usiku wa tarehe 27 Novemba mvua ikinyesha, akielekea Stanleyville, ndo Kisangani, ambako watu wake walikuwa wameshika. Boti hawezi kupanda, mto uko mikononi mwa wabaya wake, akaenda kwa gari kupitia Kwilu na Kasai, na kila kijiji watu wanamsimamisha aongee nao na yeye anasimama anaongea. Akafika Lodi kwenye mto Sankuru, unaoingia Kasai, unaoingia Congo. Kivuko kilikuwa ng'ambo. Alishavuka kwa mtumbwi na wenzake wachache, mkewe Pauline na mtoto wamebaki ukingo wa huku, askari wakafika, na wengi wa waliokuwepo wanasimulia kwamba alirudi kwa ajili yao. Wakamkamata mwanzoni mwa Desemba, Januari 17, 1961 akauawa Katanga. Mto mmoja wa pembeni, kivuko kimoja. Mi nikiusoma huo usiku huwa siendelei na kitu kingine kwa muda.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba wakaichukua Stanleyville mwanzoni mwa Agosti, wengi wao wakiongea Kiswahili hikihiki, na ikachukuliwa tena Novemba 24 na makomando wa Kibelgiji walioshushwa na ndege za Marekani. Mobutu naye alielewa mto vizuri sana, 1971 akabadilisha jina la nchi na mto vyote viitwe Zaire, akawa na boti yake ya fahari Kamanyola anapokea wageni majini. Pierre Mulele, aliyeongoza uasi wa Kwilu, mwaka 1968 alivushwa toka Brazzaville kwa boti ya rais akiwa ameahidiwa msamaha, akauawa baada ya siku chache. Na kwenye miaka yake hiyohiyo ndo mto ulianza kufa kama njia, mashirika ya serikali yaliyokuwa na meli na ya kuweka maboya yakakosa hela.

Labda msomaji ambaye hajawahi kuona angependa kujua zile meli zilikuwaje. Meli moja ya kusukuma, mbele yake zimefungwa matishari manne, matano, sita, na juu ya matishari wanaishi mamia ya watu wiki nzima au mwezi, wanapika, wananyoana, wanazaa. Mama mmoja kachukua mita mbili za sitaha, katandika turubai, kapanga sabuni, chumvi, betri, ndoano, vidonge, mitumba, hilo ndo duka lake. Meli haisimami vijijini, kwa hiyo mitumbwi inaifuata inakuja kujifunga ubavuni ikiwa inakwenda, wanapiga makasia kwa nguvu wakikosea hesabu mawimbi ya meli yanaupindua mtumbwi na kila kilichomo, wakifanikiwa wanapandisha samaki wa moshi, chikwanga, viwavi kwenye vikapu, nyama ya porini, mawese, wanabadilishana wanajifungua wanarudi na mkondo. Na mbele kabisa, kwenye ncha ya tishari la kwanza, anasimama kijana na upondo mrefu wenye alama, anauchoma majini anautoa anapaza sauti kina ni kiasi gani, anauchoma tena, mchana kutwa, kwa sababu mchanga unahama na boya lililokuwepo mwaka juzi halipo. Usalama wa watu mia tano uko kwenye mkono wa yule kijana.

Meli zile sasa ni chache na zilizobaki zinachukua wiki na wiki, kwa hiyo watu wanapanda mashua kubwa za mbao zenye injini, zinajazwa watu na mizigo kupita kiasi, zinatembea usiku bila taa, makoti ya kujiokolea hakuna. Aprili 2025 moja iliwaka moto karibu na Mbandaka wakati watu wanapika ndani, ikapinduka, wakafa zaidi ya 140. Gazeti letu nadhani liliandika mistari sita. Miezi ileile tuliandika kurasa na kurasa kuhusu mazungumzo ya amani Doha na Washington, na mimi sipingi mazungumzo, yafanyike, ila wale 140 nao wameuawa na ile dola iliyoacha njia yake kuu ife.

Mto ukiachwa hivyo unageuka kuwa mpaka na kaburi. Mwaka 1997 Brazzaville ilipokuwa inapiganwa kati ya watu wa rais Lissouba na wa rais wa zamani Sassou Nguesso mabomu yalivuka maji yakaangukia Kinshasa. Watu wa Brazzaville na mkoa wa Pool wakakimbilia ng'ambo, na 1999 wakaambiwa amani ipo rudini, wakapanda boti wakashuka kwenye bandari ya Beach, na pale wanaume wengi, vijana hasa, wakatengwa pembeni na hawakuonekana tena, wanaohesabiwa ni zaidi ya 300. Kesi ikasikilizwa 2005, maofisa 15 wote wakaachiwa, serikali ikaambiwa ilipe fidia kwa familia. Wazazi wao wangapi wameshakufa wakisubiri kuambiwa tu miili iko wapi.

Na Desemba 2018 mji wa Yumbi, ukingoni, Wabanunu ambao ni watu wa maji na Watende ambao ni wenye ardhi, ugomvi ulioanzia kwenye kumzika chifu ukageuka mauaji ya siku tatu, Umoja wa Mataifa ulihesabu wasiopungua 535, na watu kama 16,000 wakavuka mto kwenda Congo ya pili. Toka 2022 eneo la Kwamouth, pale Kasai unapoingia, Wateke na Wayaka wanauana kwa ajili ya ardhi na kodi za mashamba. Angalieni ramani, Kwamouth na Yumbi ziko kwenye pingili ileile kati ya Kinshasa na Mbandaka, ambako hakuna koltani. Kwa hiyo hata mkimaliza ishu ya mashariki kesho, kuna vita nyingine inapikwa palepale kwenye njia kuu ya nchi na hakuna mkutano hata mmoja wa huku kwetu umeizungumzia.

Sasa kwanini nawaandikia nyie na si gazeti la Kinshasa. Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2022, na mzigo wake mwingi unapita Dar es Salaam, lakini unapita kwa malori kupitia Zambia kutoka Katanga. Zamani shaba ya Katanga ilipanda treni mpaka Ilebo, ikapanda boti Kasai mpaka Kinshasa, ikapanda treni mpaka Matadi, inashushwa na kupakiwa mara mbili ni kweli, inachelewa ni kweli, ila kila ilipopita iliacha mshahara na duka na askari wa serikali anayelipwa. Leo kusini inaangalia Zambia na bandari ya Lobito kule Angola, mashariki inaangalia Kigali, Kampala, Mombasa na Dar, na katikati hakuna anayeiangalia. Nchi ambayo kila mkoa unatoka kwa mlango wake haiwezi kukaa moja kwa nguvu ya wimbo wa taifa, na sisi majirani tunaokusanya ushuru kwenye ile milango tuna maslahi yetu, tukubali, tusijifanye ni watazamaji.

Serikali yetu inajenga SGR ya Uvinza kwenda Musongati Burundi na mpango ni ifike mpaka Kindu. Kila nikisoma hii habari Kindu inaandikwa kama kituo cha mwisho, kama vile reli ikifika pale mzigo umefika. Kindu ni bandari ya mto! Chini yake kuna kilomita 300 za maji mpaka Ubundu na reli ya zamani mpaka Kisangani, ambayo zinapita treni chache mno, na chini ya Kisangani kuna 1,700 nyingine. Kama treni ya umeme itafika Kindu halafu boti za Kindu ni zilezile za mbao zisizo na taa, tutakuwa tumejenga fundo jingine la watu kugombea, na safari hii sisi ndo tutakuwa tumelijenga.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni hili. Tumeni mwandishi na mpiga picha, wavuke kutoka Kigoma mpaka Kalemie, hali ya usalama ikiruhusu wapande mpaka Kabalo na Kindu, washuke Ubundu na Kisangani, halafu wateremke na tishari mpaka Kinshasa. Waulize manahodha maboya yanayofanya kazi ni mangapi kati ya Kisangani na Mbandaka na yaliwekwa lini. Waulize kwenye kila kizuizi cha ukingoni nani anachukua hela, kwa risiti ya nani, na zinakwenda wapi. Waulize Wizara ya Uchukuzi hapa kwetu kama kwenye makubaliano ya reli ya Kindu kuna hata kipengele kimoja kinachotaja uchimbaji wa mchanga, maboya au boti za Lualaba, na kama kipo mtuchapishie tukisome, na kama hakipo mmuulize Waziri kwanini.

Wenu,
Msomaji wa kila siku